Siku mbili za kupanda vilima na kula samaki wa Ziwa Kivu mjini Bukavu

Marafiki wanapokubaliana kutumia Jumamosi na Jumapili wakitembea kwenye vilima vya Bukavu na kula samaki, swali la kwanza huwa ni kilima gani kitapandwa. Ninashauri swali la kwanza liwe la mwezi. Sambaza, samaki mdogo anayelisha sehemu kubwa ya mji huu, huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huteremsha wavu mkubwa chini yake, na taa huwavuta samaki juu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake hutandaa juu ya ziwa lote na taa hazina tena nguvu ya kuwakusanya samaki, kwa hiyo mavuno hupungua, wavuvi wengi hupumzika na bei hupanda. Basi tazameni kalenda, mchague wikendi iliyo ndani ya siku za giza, kabla mwezi haujaandama au mara tu baada ya kuandama.

Sambaza si mwenyeji wa asili wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa sababu Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, na hakukuwa na aina iliyoishi katikati ya ziwa ikila viumbe vidogo vinavyoelea huko. Alizaana upesi, na leo ni vigumu kuwaza meza ya Bukavu bila yeye. Ninalitaja jambo hili kwa kuwa linaeleza pia wajibu wa mnunuzi: samaki wachanga mno, wanaovuliwa kwa nyavu za matundu madogo kama ya chandarua, zile ziitwazo kaningini, wasinunuliwe hata kama bei yake inavutia. Wavu huo umekatazwa, na anayenunua ndiye anayeufanya uendelee kutumika.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu, na njia huwa imara ingawa vumbi ni jingi. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua hunyesha, mara nyingi baada ya adhuhuri, na udongo wa vilima vyetu ukilowa huteleza vibaya. Katika majira hayo pangeni matembezi yote yaishe kabla ya saa saba mchana, na msipite kando ya makorongo baada ya mvua kubwa. Bukavu ni mji wa maporomoko ya ardhi. Mteremko wa Funu, katika komini ya Kadutu, unajulikana kwa ardhi yake inayosogea polepole na kupasua nyumba. Viatu vyenye soli yenye meno vina faida kuliko fimbo ya bei ghali.

Lipo jambo la usalama, nalo halipaswi kupitiwa juu juu. Wengi wetu tunapowaza mlima, tunawaza Kahuzi, wenye mita 3,308, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980. Hifadhi hiyo imo katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini tangu 1997, na tangu vita vilipoingia Bukavu kwenyewe mnamo Februari 2025, safari ya kupanda Kahuzi haistahili kupangwa kama burudani ya wikendi. Uacheni mlima huo mpaka walinzi wa hifadhi wenyewe waseme njia iko wazi, kwani hata wakati wa amani haupandwi bila mwongozaji wao. Mpango ninaoueleza hapa unabaki ndani ya mji, na hata hivyo ulizeni wakaaji wa kila mtaa siku moja kabla ya kupita, mtembee mchana tu, mchukue vitambulisho, na simu zisielekezwe kwa askari, kwa vizuizi wala kwa madaraja ya mto Ruzizi, ulio mpaka na Rwanda.

Kundi la watu wanne hadi saba linatosha. Likizidi hapo, wepesi hutangulia, wazito huachwa nyuma, na kikaangio hakitoshi. Michango ikusanywe kabla ya Ijumaa jioni na ikabidhiwe mtu mmoja, naye awe na faranga zilizokwisha kuvunjwa, kwa sababu mama muuzaji wa alfajiri hana chenji ya dola. Tafuteni pia nyumba ya mmoja wenu yenye uwanja, mbabula mbili (majiko ya makala, yaani makaa) na mwenyeji aliyeombwa ruhusa mapema. Mkiwa na wazazi katika uwanja huo, sehemu ya kwanza ya samaki ni yao.

Jumamosi huanza gizani. Watu wawili wawe ufukweni kwenye soko la Beach Muhanzi kufikia saa kumi na mbili za asubuhi, wakati mizigo ya ziwani inaposhushwa. Wasalimieni akina mama kwanza, kisha mtazame samaki kabla ya kuuliza bei. Sambaza wa usiku huo hung'aa kama fedha, mwili wake ni mkavu kidogo kwa kushikwa na tumbo lake halijapasuka. Tumbo likiwa limefumuka, samaki huyo amekwisha kulala, hata kama amemwagiwa maji apate kung'aa. Kwa tilapia, fungueni mashavu yake muone kama ni mekundu, na mbonyeze mgongo: nyama inapaswa kurudi mahali pake. Ulizeni pia ametoka wapi, kwa kuwa tilapia anayeuzwa mjini anaweza kuwa wa ziwani, wa kufugwa, au wa barafu aliyesafiri kutoka mbali. Wa barafu hana kosa, ila hafai kuchomwa mzima, kwa maana nyama yake huachana vipande juu ya moto. Huyo apikwe kwa mchuzi.

Sambaza ndiye chakula cha njiani, na hapa ndipo ninapoomba umakini, kwa kuwa wengi humharibu. Muosheni mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, mumwache kwenye chujio mpaka akauke, ndipo atiwe chumvi. Sipendi kumpaka unga, maana unga hulainika ndani ya saa moja na mkoba wote hunuka mafuta. Mafuta yawe mengi na ya moto kweli, samaki watiwe kidogo kidogo, na wasikorogwe mpaka wagande. Wako tayari kichwa kinapovunjika kwa vidole bila kupinda. Watandazeni wapoe kabisa kabla ya kufungwa, kwa sababu mvuke wa samaki wa moto ndani ya chombo kilichofunikwa huwarudisha kuwa laini. Wafungeni kwa karatasi, pamoja na ndimu nzima, pilipili katika kichupa na ndizi zilizochemshwa.

Jumamosi asubuhi huwa pia ni salongo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na haipendezi kupita mbele ya watu wanaosafisha mfereji huku mmebeba mikoba ya matembezi. Fanyeni salongo ya mtaa wenu, kisha mwondoke mnamo saa nne. Siku hii ya kwanza iwe ya ufukweni: mji umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani, na kupita Nguba, Muhumba na La Botte kwa miguu ni kupanda na kushuka kusikokwisha, ingawa hakuna kilele kinachotajwa. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, hivyo mgeni anayetoka Uvira au Kalemie atahema mapema kuliko alivyotarajia. Apewe nafasi ya kuongoza mwendo.

Jioni ni ya tilapia. Mparueni magamba, mtoeni matumbo, mkateni mistari ya mshazari mpaka mfupani, kisha mpakeni chumvi, vitunguu saumu na tangawizi. Ndimu ingojee mpaka karibu na moto, kwa sababu ikikaa muda mrefu hulegeza nyama. Makala yawe yameshika majivu meupe, waya upakwe mafuta, na samaki asigeuzwe mpaka ngozi ijiachie yenyewe. Ameiva nyama nene ya mgongoni inapoachana na mfupa. Bugali, sombe (kisamvu) na pilipili vinatosha kando yake. Mkipendelea kula hotelini, pigeni simu saa mbili kabla, ombeni kuonyeshwa samaki akiwa mbichi, na mpatane bei kwa ukubwa wake kabla hajafika motoni.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza au ibada, pandeni upande wa Kadutu hadi kilima cha Karhale, penye majengo ya Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Ni mpando mmoja mrefu katikati ya mitaa iliyosongamana, na thawabu yake ni kuuona mji wote kwa mara moja, rasi, ziwa na milima ya Rwanda ng'ambo. Pumzikeni hapo, mle sambaza waliobaki, ambao wakikaangwa vizuri hukaa siku ya pili bila tatizo. Shukeni taratibu, maana magoti huumia kwenye mteremko kuliko kwenye mpando.

Mara nyingi kuna rafiki atakayependekeza mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Idjwi badala ya Karhale. Jibu litegemee chombo: kila abiria awe na jile yake (koti la kuelea) mwilini, mzigo usizidi, na upepo uwe umetulia. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikaua watu wengi huku ufuko ukionekana. Nahodha asiye na jile za kutosha aambiwe asante, nanyi mrudi kwenye kilima.

Mkirejea, hesabu ifanywe jioni ileile mbele ya wote, na salio lililobaki limfae mwenye nyumba kwa makala na mafuta aliyotumia. Mapezi, vichwa na matumbo ya tilapia yafukiwe shambani. Yasitupwe kwenye mfereji mliousafisha Jumamosi.