Magadi ya makande yanaondoa kutu kwenye vyuma vya gari

Nafufua Datsun 1200 uani hapa Moshi, na msasa ulishanichosha mikono hadi nilipojaribu hii kwenye bawaba za boneti. Jaza ndoo ya plastiki maji lita 20, koroga vijiko vitano vya chakula vya magadi yaliyotwangwa (yangu ya soko la Mbuyuni, yale yale ya makande). Tumbukiza kipande cha nondo pembeni, ning'iniza bawaba katikati, visigusane. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye bawaba, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, utakula bawaba yako badala ya nondo! Umeme unarudisha sehemu ya kutu kuwa chuma, inayobaki inalegea na kuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Mimi niliacha usiku kucha, asubuhi zikaonekana hadi namba zilizogongwa kiwandani. Kausha na upige praima siku hiyo hiyo, maana chuma kitupu kinashika kutu upya ndani ya saa chache. Fanya nje, mbali na jiko, kwa sababu mapovu yanayotoka kwenye bawaba ni haidrojeni, gesi inayolipuka kwa moto. Usitie chumvi, na nondo usiibadilishe na chuma cha pua. Vyote viwili hutoa sumu isiyo ya kuchezea. Aluminiamu inalika. Springi usiweke, zinaweza kuwa dhaifu na kukatika. Chaja za kisasa nyingine hugoma kuwaka bila betri. Na palipotoboka, ndugu, ni kuchomelea tu.