SOMO: Jinsi ya kuhudhuria mihadhara, semina na maonesho ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kama wewe si mwanafunzi

Habari zenu wakuu.

Kila nikiweka picha niliyopiga Nkrumah Hall, ukumbi wa mihadhara pale Mlimani, napokea ujumbe uleule: "Uliingiaje?" "Kwani unasoma pale?" Sisomi pale. Mimi ni fundi umeme, naishi Sinza. Kwenye mihadhara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naingia kwa sababu tangazo limeandikwa "Wote mnakaribishwa", na wanaoandika hivyo wanamaanisha wote. Naeleza hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

1. Jua unakwenda kwenye nini. Mhadhara wa wazi ni bure, hata jirani yako anaweza kuja. Mhadhara wa uprofesa ni ule ambao profesa anaeleza mbele ya umma utafiti wa maisha yake. Nao uko wazi, na una joho na itifaki nyingi. Kongamano mara nyingi lina ada na kujiandikisha, kwa hiyo soma tangazo mpaka chini. Semina ya idara ni chumba kidogo, watu kumi au ishirini, na mtafiti anawasilisha makala ambayo bado haijachapishwa.

Wengi wanakimbilia mihadhara mikubwa. Mimi ningekuwa na nafasi moja tu kwa mwezi ningeipeleka kwenye semina. Kwenye mhadhara unasikia jibu lililokwisha kunyooshwa. Kwenye semina unamwona mzee mwenye mvi akifungua ukurasa wa nne, anamwonesha mwasilishaji kwamba jedwali halilingani na maelezo yaliyo chini yake, na mwasilishaji anachukua kalamu anasahihisha hapo hapo. Hiyo huipati kwenye televisheni. Adabu yake: iandikie idara mapema uombe kuhudhuria, na kama makala imesambazwa, isome kabla hujaja.

2. Tafuta tangazo. Tovuti ya chuo, kurasa za chuo na za idara mitandaoni, mbao za matangazo. Wakati wa UE (mitihani ya chuo) na likizo ndefu usitegemee mengi.

3. Hakiki tarehe, saa na ukumbi. Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima ya kazi.

Mabango ya WhatsApp hayafi. La mwaka juzi linazungushwa leo kama limetoka asubuhi, hasa Aprili, kwa kuwa tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere (kiti cha uprofesa chuoni chenye jina la Mwalimu) huwa karibu na siku aliyozaliwa Mwalimu, 13 Aprili, na mabango mengi yanataja siku na mwezi bila mwaka. Dawa yake ni kulinganisha siku ya wiki na tarehe. 17 Aprili ilikuwa Jumatano mwaka 2024, Alhamisi mwaka 2025, na mwaka 2026 ni Ijumaa. Bango likisema "Jumatano 17 Aprili" na kalenda ya simu inasema vingine, hilo ni la zamani. Lifute, na umwambie aliyekutumia.

ONYO kuhusu saa: tangazo la Kiingereza likiandika 3:00 pm, hiyo ni saa tisa alasiri. Mtu akilihamishia kwenye Kiswahili kwa haraka anaandika "saa 3:00", na wewe unafika asubuhi unakuta mlango umefungwa. Ukiona "saa 3" bila neno asubuhi au alasiri, tafuta tangazo la asili.

ONYO kuhusu ukumbi: "maktaba" ziko mbili, ya zamani na ile mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018. Uliza ni ipi. Na ukumbi unaweza kubadilishwa asubuhi yenyewe, kwa hiyo angalia ukurasa wa waandaaji kabla hujatoka nyumbani. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Atakujibu mtu asiyejua, kwa uhakika mkubwa.

4. Usafiri. Daladala inayopita Chuo, kutoka Mwenge au Ubungo.

5. Getini. Beba kitambulisho, taja tukio na ukumbi.

6. Mavazi. Ya heshima.

7. Kiti. Fika nusu saa kabla. Safu za mbele ni za wageni rasmi, wewe kaa pembeni mwa njia ili maiki ikufikie.

8. Kuuliza swali. Liandike wakati mzungumzaji anaendelea, kisha likate nusu. Taja jina lako, uliza swali moja, kaa. Usianze na historia ya maisha yako, wala usimwage shukrani kwa meza kuu mpaka mwenyekiti akukatishe. Kumbuka kuna wanafunzi nyuma yako wenye maswali mazuri na muda ni dakika ishirini. Unaruhusiwa kabisa kupinga, ila pinga hoja aliyoitoa, usipinge ile uliyokuja nayo kutoka nyumbani.

9. Muziki, ngoma na maigizo. Wanafunzi wa sanaa hutahiniwa kwa vitendo, na baadhi ya maonesho hayo huwa wazi kwa watazamaji. Fuatilia matangazo kuelekea mwisho wa muhula. Simu izime kabisa, maana aliye jukwaani anapewa alama.

Karibuni maswali.

---

Kibo_Original: Mkuu posho inatolewa?

Fundi wa Sinza: Hapana.

Kibo_Original: Sasa semina gani haina posho?

Fundi wa Sinza: Semina ya kujifunza. Rudia hatua ya 1.

Dogo Janja wa Kimara: Nzuri sana. Kiingilio bei gani na next ni lini?

Fundi wa Sinza: Kiingilio kipo hatua ya 1. Tarehe unazipata hatua ya 2. Sitaweka tarehe hapa, kwa sababu mwakani mtu ataikuta na kuisambaza, na hatua ya 3 nzima itakuwa haina maana.

Bi Mwanahawa: Asante kaka kwa somo. Mimi ni mshonaji, niliishia kidato cha nne na Kiingereza kinanipiga chenga. Nikija nitaambulia nini? Na nikiuliza kwa Kiswahili watanishangaa?

Fundi wa Sinza: Dada Mwanahawa, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Anzia TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Iliundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) na Idara ya Kiswahili, na mazungumzo yao ni ya Kiswahili: lugha, fasihi, ushairi, istilahi. Pili, fuatilia Kigoda cha Mwalimu. Kilianzishwa mwaka 2008, na wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji, mwanasheria anayeandika na kuhutubia kwa Kiswahili kuhusu ardhi, katiba na Umajumui wa Afrika. Baada yake alikuja Profesa Penina Mlama, ambaye tamthilia zake tulizisoma kwa jina la Penina Muhando. Watu wa namna hiyo hawamshangai mtu kwa kuuliza kwa Kiswahili. Hata mhadhara ukiwa wa Kiingereza, wewe uliza kwa lugha unayoimudu. Nimeona watu wakifanya hivyo na wakajibiwa vizuri. Na usijipunguze: siku mada ikiwa viwanda, mitumba au pamba, wewe unajua bei ya kitambaa Kariakoo kuliko wengi ukumbini.

Bi Mwanahawa: Umenitia moyo. Nitakuja na binti yangu, yuko kidato cha pili.

Fundi wa Sinza: Mlete. Awe na daftari.

Msema Kweli 77: Acheni kudanganyana. Mihadhara hii ni wasomi kujionesha tu. Nchi haijabadilika kwa mhadhara.

Fundi wa Sinza: Umehudhuria mingapi ndugu yangu? Mwishoni mwa miaka ya 1960 pale pale Mlimani kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, USARF, kilichoanzishwa mwaka 1967, kikiendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa mwalimu pale. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa kijana anaitwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda. Mwaka 1970 serikali ikakipiga marufuku. Wasomi wa kujionesha tu hakuna serikali inayohangaika kuwapiga marufuku. Kama mada inakukera, njoo uipinge kwa maiki. Ndiyo maana nimeandika hatua ya 8.

Msema Kweli 77: Sawa, nimekusikia. Siku ikitokea ya kilimo nistue.

Mwalimu Mstaafu: Fundi amesema vyema. Naongeza kwa wageni: Nkrumah Hall ni lile jengo lililokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, ile yenye picha ya Mzee Karume. Pia ukiwahi sana, kaa kwenye vimbweta (viti na meza za zege za nje), usisimame mlangoni. Wanafunzi wanajisomea hapo na mazungumzo yao ni nusu ya mhadhara. Mwaka 2009 aliyekuja kutoa mihadhara ya Kigoda alikuwa Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, na mwaka 2010 Samir Amin, mchumi wa Misri.

Fundi wa Sinza: Shikamoo mwalimu. Asante, hilo la noti linasaidia kuliko maelekezo yangu.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Nikwambie jingine: mhadhara ukiisha usiondoke mbio. Mzungumzaji akishuka jukwaani huwa anapatikana kwa dakika chache. Aliyeona aibu kushika maiki amfuate hapo.

Otieno_254: Wakuu, sisi wa Nairobi tufanyeje? Mambo ni yale yale?

Fundi wa Sinza: Karibu ndugu. Kwenu kuna Taifa Hall, Chuo Kikuu cha Nairobi, katikati ya jiji kabisa. Hatua zote zinafaa, isipokuwa daladala, tafuta matatu yako. Wenyeji wa huko wataongezea.

Dogo Janja wa Kimara: Mkuu naweza kurekodi kwa simu?

Fundi wa Sinza: Sasa hilo ni swali. Mhadhara wa wazi kwa kawaida hakuna shida, na mingine waandaaji wenyewe wanairusha mtandaoni. Semina ya idara omba ruhusa kwanza, kwa sababu utafiti bado haujachapishwa na ukiusambaza umemwibia mtu kazi yake. Onesho la wanafunzi usirekodi. Na hata ukirekodi, andika. Mimi huwa naweka kurasa mbili zinazoelekeana: kushoto alichosema mzungumzaji, kulia maswali yangu. Muda wa maswali ukifika nasoma upande wa kulia tu.

Bi Mwanahawa: Hilo la kurasa mbili nalichukua hata kwa vipimo vya wateja.

Kibo_Original: Basi tufanye hakuna posho. Chai je?

Fundi wa Sinza: Kongamano la kulipia, chai ipo. Mhadhara wa bure, kula kabla hujaja. Ukija Jumatano nitakuonesha wanapouza chapati.