Kabla ya kuwafundisha watumishi wa wodi kuhusu betri ya moyo

Ukipewa kazi ya kuandaa mafunzo haya kwa watumishi wa hospitali za Tanga, kuanzia Bombo hadi Pangani, picha za mashine ziache kwanza. Tayarisha swali la mapokezi. Mzee akiulizwa, "Umewahi kupasuliwa?" atasema hapana, maana anavyojua yeye alikwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akawekewa betri, yaani kifaa kidogo cha kusaidia moyo kinachokaa chini ya ngozi ya kifua, na kurudi kwake. Ukiuliza, "Una kitu kimewekwa mwilini?" mama atataja kijiti au kitanzi, na kijana wa bodaboda chuma cha mguu. Chuma kiandikwe, kwa kuwa bamba la kurudishia umeme la mashine ya kukatia kwa umeme kwenye upasuaji halibandikwi juu yake. Ila betri bado hujaipata. Basi kubalianeni mapema: "Shikamoo mzee, una betri ya moyo?" kisha mkono upapase chini ya mtulinga, mara nyingi wa kushoto. Kwa mazoezi, kiberiti kilichofungwa kwa plasta ndani ya shati kinatosha kabisa.

Halafu kadi ya kifaa, ile aliyopewa alipowekewa. Wengi huiacha nyumbani kabatini, kwa hiyo ndugu apigiwe simu aipige picha na kuituma. Humo ndimo mnapata aina ya kifaa na namba yake. Bila hizo, asipelekwe kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za mwili kwa sumaku kubwa, hata akibembeleza.

Somo linalohitaji muda ni sumaku, ile inayowekwa juu ya kifaa ili umeme wa upasuaji usikichanganye, na hapa ndipo nimeona watu wazoefu wakichanganya. Jina la betri ya moyo hutumika kwa vifaa viwili. Pesimeka huusukuma moyo unaopiga polepole. Ukiiwekea sumaku, nyingi huanza kupiga kwa kasi moja bila kusikiliza moyo wenyewe. Kifaa cha kushtua moyo ni kingine: sumaku hukizuia kurusha umeme, lakini kwa kawaida haibadilishi kazi yake ya kupiga mapigo. Anayeweka sumaku bila kujua ni kipi anabahatisha. Na kifaa cha kushtua kikinyamazishwa, mashine ya nje ya kushtua iwe pembeni, imewashwa.

Chumba cha upasuaji waulizwe kabla ya siku yenyewe: mna vibanio vya umeme vya ncha mbili, ambavyo umeme hupita kati ya ncha zake tu? Hivyo ni salama zaidi. Kama hamna, umeme utumike kwa vipindi vifupi, na bamba likae mahali ambapo njia ya umeme haikatizi kifuani. Moyo ukisimama, pedi za kushtulia zibandikwe mbali na kifaa, sentimita 8 au zaidi. Asiyeona nafasi ya mbele na ubavuni aweke moja mgongoni.

Simu haihitaji hotuba: sentimita 15 kutoka kwenye kifaa. Lakini waambieni waziwazi wanawake wanaohifadhi simu kwenye sidiria, na muuguzi wa kike ndiye aseme.

Watu wa mochwari hualikwa mara chache, nami ningewaalika. Tanga ina familia za Kihindu zinazochoma maiti wao, na betri ikibaki mwilini inaweza kulipuka motoni. Fomu ya kukabidhi mwili iongezwe mstari mmoja wa kuuliza betri, ujazwe kabla ndugu hawajatia sahihi.