Kuwaachia watoto nyumba ya mjini: hatua tulizopitia na baba mdogo, Moshi

Desemba iliyopita, Wachagga tukiwa tumerudi nyumbani, baba mdogo aliniita kwake Rau. Nimechapa nyaraka kwenye ofisi ya wakili kwa miaka, kwa hiyo kwenye ukoo mimi ndiye "mwanasheria". Mezani palikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. "Mwanangu, nyumba hii nataka kuipangia nikiwa bado naona. Tunaanzia wapi?" Nikamwambia ni kazi ya asubuhi moja. Tulimaliza mwezi wa tatu.

Hatua ya 1: Soma hati yako

Namba ya kiwanja, kitalu, jina, muda wa umiliki. Kama ulicho nacho ni karatasi ya mauziano ya mtaa tu, shughulikia urasimishaji kwanza, haya mengine yasubiri.

Hatua ya 2: Mwite mama

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala haitolewi zawadi bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mmoja. Mama mdogo alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akaja na kisu mkononi, akasikiliza, akauliza swali moja: "Na mimi nitalala wapi?"

Hatua ya 3: Chagua njia

Swali la mama mdogo ndilo lililoamua hapa. Njia ya kwanza ni kuhamisha umiliki kabisa ukiwa hai, kwa zawadi. Unajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, mthamini anakuja, unapita TRA, kisha Msajili wa Hati. Ikishasajiliwa, nyumba si yako tena. Mwanao akikopa, akifilisika au akiachana na mkewe, wewe na mama mko katikati ya ugomvi usiowahusu. Nimeona mzee akiomba ruhusa ya kupangisha chumba alichokijenga mwenyewe. Siishauri, labda kama mtoto ni mmoja na hakuna mjane wa kumfikiria.

Njia ya pili ni wosia. Nyumba inabaki yako mpaka siku ya mwisho, na ukibadili mawazo unaandika mwingine. Mimi ni mtu wa wosia.

Ila kama wewe ni Mwislamu, usinifuate hapa. Wosia wako hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi halali haachiwi kitu kwa wosia mpaka warithi wenzake waridhie. Kwako hiba, yaani zawadi unayotoa ukiwa hai, ndiyo ya kuzungumza na shehe wako.

Hatua ya 4: Majina (hapa ndipo tulipokwama)

Hati ya baba mdogo inasema Aloisi. Kitambulisho cha NIDA kinasema Aloyce, na jina la babu limeingia katikati. Cheti cha ndoa cha kanisani kinasema Aloysius. Kwetu sote ni mtu mmoja. Kwa karani wa ardhi ni watu watatu, na wawili kati yao hawana nyumba.

Nikaandika kiapo cha majina, akakiapa mbele ya wakili: Aloisi na Aloyce ni mtu mmoja. Nikajiona fundi. Ofisini wakakirudisha, kwa sababu risiti ya zamani ya kodi ya ardhi ilikuwa na Aloysius, na kiapo hakikumtaja. Cha pili kikarudi pia: safari hii nilisahau namba ya kiwanja, kwa hiyo hakikuonyesha kinahusu hati ipi. Nauli za bodaboda kutoka Rau, kopi, mihuri, na mzee wa miaka sabini na kitu amekaa kwenye benchi na fimbo yake. Nilimwonea aibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujachapa neno, tandaza mezani kila karatasi yenye jina: hati, risiti zote, NIDA, vyeti vya ndoa na ubatizo, kadi ya mpiga kura, daftari la benki. Orodhesha kila tahajia, hata herufi moja ikizidi. Kiapo kitaje zote, kitaje namba ya kiwanja na kitalu, kiambatanishwe na kopi. Kama kosa liko NIDA, lirekebishe NIDA kwanza, maana huko ndiko kila ofisi inakotazama. Na usichanganye kiapo na hati ya kubadili jina. Kiapo kinasema majina haya yote ni mimi. Hati ya kubadili jina inasema lile la zamani nimeliacha, nayo husajiliwa.

Kagua na watoto. Binti yake mmoja ana cheti cha kuzaliwa chenye ukoo wa mama. Naye tulimwandikia kiapo.

Jambo la mwisho: skani kwenye steshenari, si picha ya simu. Picha ya simu inakata pembe, na muhuri siku zote uko pembeni.

Hatua ya 5: Andika wosia

Taja nyumba kwa namba ya kiwanja, usiandike "nyumba yangu ya Rau". Taja kila mtoto kwa jina, mabinti hasa, kwa sababu kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinawaweka nyuma mahali ambapo hakuna wosia. Andika kila mmoja anapata hisa ngapi, na kwamba mama ataishi humo maisha yake yote. Ukimnyima mtoto, andika sababu. Mteue msimamizi wa mirathi. Mashahidi mimi huweka wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na mrithi asiwe mmojawapo. Saini kila ukurasa. Nakala moja peleka RITA, ambao huandika na kuhifadhi wosia, nyingine kwa wakili. Chini ya godoro ni kwa panya.

Hatua ya 6: Kodi ya ardhi

Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, basi watu wanadhani wamemaliza. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, ya kila mwaka. Baba mdogo alikuwa na deni la miaka sita.

Baada ya msiba

Cheti cha kifo, kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha mahakamani na wosia. Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi miezi minne kurudisha fomu namba 5 na 6, orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Hati huandikwa kwanza jina lake kama msimamizi, halafu ya warithi. Akiishia hapo katikati, mfuateni.

Kihamba cha Kibosho, shamba la ukoo la migomba, hatujakigusa. Kwa mila ni cha kitindamimba, naye yuko Dodoma na hataki kusikia habari za migomba. Baba mdogo amesema tutakaa tena Desemba.