Jinsi ya kuomba picha za setilaiti na taarifa za moto kwa eneo lako ukiwa Moshi au Arusha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji, viongozi wa kamati za mifereji, vyama vya ushirika, walimu na wanafunzi wa Moshi na Arusha wanaohitaji picha ya setilaiti ya eneo lao, au wanaotaka kuarifiwa kila setilaiti inapoona moto karibu na msitu wao. Wengi wanaokuja kuniuliza huwa tayari wameandika barua yenye muhuri wa kijiji, wakiielekeza kwa taasisi ya ng'ambo. Barua hiyo haihitajiki. Maombi yote hufanyika mtandaoni, hayana ada, na mara nyingi picha hupatikana siku hiyohiyo. Kazi nzito ni ile ya kabla ya kugusa kompyuta, nayo ndiyo watu huiruka.

Ni vema kujua kwanza unaomba kwa nani. Brazil ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Anga za Juu, INPE, yenye makao yake São José dos Campos, ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikitoa bure picha za setilaiti za CBERS zinazotengenezwa na Brazil kwa ushirikiano na China. Mojawapo, CBERS-4A, ilirushwa Desemba 2019 na ina kamera inayoweza kutofautisha vitu vya ukubwa wa mita 2 katika picha isiyo na rangi. Ulaya ina Sentinel-2, ya mita 10. Marekani ina Landsat, ambazo NASA huzitengeneza na kuzirusha, kisha shirika la jiolojia la nchi hiyo, USGS, huziendesha na kutunza picha zake, na tangu 2008 picha hizo hazilipiwi na mtu yeyote. Nitaifuata Landsat kwa kirefu kwa sababu kumbukumbu yake inaanzia 1972, na kwa sababu aliyeuelewa utaratibu wake hatapotea katika ule wa INPE wala wa Ulaya: kote unafungua akaunti, unachagua eneo, unataja tarehe, unatazama, unapakua.

Kabla ya kuomba

Andika swali lako kwa sentensi moja kwenye karatasi. "Tunataka picha ya kijiji" si swali. "Tunataka kujua msitu ulio juu ya banio la mfereji wetu umepungua kiasi gani kati ya 2000 na sasa" ni swali, kwa sababu linataja mahali, jambo la kutazamwa na miaka miwili ya kulinganisha. Swali hilo pia litakuambia kama picha hizi zinakufaa. Pikseli moja ya Landsat, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ni mraba wa mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, hivyo kihamba cha ekari moja huingia katika pikseli nne na nusu tu. Ndani ya pikseli hizo setilaiti haioni mbuni uliopandwa chini ya mgomba, wala mgomba ulio chini ya mgrevilia. Inaona mchanganyiko wa rangi ya vilele. Kwa msitu, shamba kubwa la miwa, bwawa au eneo lililoungua, picha hiyo inatosha kabisa. Kwa ugomvi wa mpaka kati ya majirani wawili haifai, na ninamsihi kila mwenyekiti asiipeleke baraza la ardhi kana kwamba ni ramani ya mpima.

Pata majira ya nukta ya eneo lako. Njia rahisi ni kusimama mahali penyewe na simu yenye GPS, ukaandika latitudo na longitudo kwa desimali. Mji wa Moshi uko karibu na -3.35 na 37.33, na Arusha karibu na -3.37 na 36.68. Alama ile ya kutoa mbele ya latitudo ndiyo inayotuweka kusini mwa ikweta. Ukiisahau, mtandao hautakuonya. Utakuletea picha nzuri isiyo na wingu hata moja, ya nchi kavu ya rangi ya mchanga, kwa kuwa 3.35 kaskazini na 37.33 mashariki ni upande wa jangwa la Chalbi, karibu na North Horr, kaskazini mwa Kenya. Nimeona kijana akihesabu kwa huzuni "msitu uliopotea" juu ya picha ya namna hiyo.

Ukitumia namba zilizo kwenye ramani ya zamani ya upimaji au kwenye ramani ya cheti cha ardhi ya kijiji, angalia pembeni mwa ramani kama imeandikwa Arc 1960. Huo ni mfumo wa upimaji uliotumika hapa kwetu kwa miaka mingi, na namba zake hutofautiana na za GPS kwa takriban mita 300 ardhini. Mwombe afisa ardhi wa halmashauri akubadilishie kabla hujaendelea, kwani mita 300 kwenye mteremko wa Kilimanjaro zinaweza kukutoa shambani na kukuingiza msituni.

Kufungua akaunti

Tovuti ya kuombea picha za Landsat inaitwa EarthExplorer, na iko chini ya USGS. Utaombwa jina la mtumiaji, neno la siri, anwani, barua pepe, na maelezo mafupi ya matumizi unayokusudia. Jibu kwa ukweli. Kilimo, elimu na uhifadhi wa mazingira yote ni matumizi yanayokubalika. Baada ya hapo hutumiwa ujumbe kwenye barua pepe wenye kiungo cha kuthibitisha, na akaunti haifanyi kazi mpaka ukibofye. Ujumbe usipoonekana, tafuta katika folda ya barua taka. Kwa kamati, nashauri ifunguliwe barua pepe ya kamati yenyewe, na neno la siri liandikwe katika daftari la katibu. Kamati moja niliyoisaidia ilitumia barua pepe ya mjumbe mmoja, naye alipohamia Dodoma kikazi, akaunti na picha zote zikaondoka naye.

Kutafuta picha isiyo na wingu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo vifurushi vya intaneti huishia bure. Ingiza majira ya nukta, au chora pembe za eneo lako kwenye ramani, kisha weka tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Picha ya Landsat inayobeba Moshi na Arusha ni ya njia (path) ya 168, safu (row) ya 62, ndizo namba za kutambulisha mahali pa kila picha; zikumbuke namba hizo mbili, maana zitakuokoa kutafuta upya kila mara. Landsat 8 na Landsat 9 kila moja hurudi juu yetu baada ya siku 16, na zikiwa mbili zinapishana, hivyo mahali hupigwa picha kila baada ya siku 8. Hupita karibu saa nne na nusu asubuhi. Mkazi yeyote wa Kibosho au Machame anajua hali ya mlima saa hizo: kileleni pameng'aa, huku chini kwenye ukanda wa msitu ukungu umeshaanza kupanda.

Kuna kisanduku cha kuchagua kiwango cha mawingu, na watu huweka asilimia 10 wakidhani wamejikinga. Asilimia hiyo inahesabiwa kwa picha nzima, ambayo ina upana wa kilomita 185 na inajumuisha tambarare nyingi za Umasaini zisizo na mawingu. Picha yenye asilimia 10 inaweza kuwa imeyarundika mawingu yote juu ya msitu wa Kilimanjaro na Mlima Meru, na yenye asilimia 50 inaweza kuwa na uwazi mzuri hapo unapopahitaji. Kwa hiyo panua kiwango hadi 60, kisha fungua kila picha ndogo ya kuonjea na uitazame kwa macho yako. Miezi ya Januari, Februari na Septemba imenipa picha safi mara nyingi kuliko mingine. Masika hayana matumaini, na Juni hadi Agosti, pamoja na kuwa ni kiangazi, asubuhi zake za baridi hufunika miteremko ya kusini.

Ukihitaji picha za zamani, kumbuka mambo mawili. Landsat 7 iliharibika kifaa chake cha kusawazisha mistari tarehe 31 Mei 2003, hivyo picha zake za baada ya siku hiyo zina michirizi myeusi isiyo na taarifa. Tumia Landsat 5 au picha ya kabla ya hapo inapopatikana. Pia linganisha mwezi kwa mwezi. Februari ya 2000 ukiiweka kando ya Septemba ya mwaka huu, tofauti utakayoiona huenda ni ya mvua, wala si ya shoka.

Kupakua na kusoma

Chagua kundi linaloitwa Collection 2, ngazi ya pili, ambayo athari za hewa zimekwisha kusahihishwa, hasa ikiwa unalinganisha miaka. Kifurushi kizima cha picha moja hukaribia GB 1, lakini tovuti hukuruhusu kupakua bendi moja moja, yaani picha ya aina moja tu ya mwanga. Kwa Landsat 8 na 9, bendi ya 4, ya 3 na ya 2 zikipangwa kama nyekundu, kijani na buluu hutoa rangi tunazozijua kwa macho. Ukitanguliza bendi ya 5, kisha ya 4 na ya 3, mimea hai hugeuka nyekundu iliyokolea, na pale msitu ulipokatwa huonekana waziwazi kama kidonda. Mahali palipoungua huonekana vizuri zaidi kwa bendi ya 7, ya 5 na ya 4. Programu ya kufungulia ni QGIS, nayo ni ya bure. Usishtuke ukiona namba za kaskazini zikiwa hasi. USGS hutumia mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 kaskazini, hata kwa sisi tulio kusini.

Usibadilishe jina la faili. Jina linaloanza na LC09_L2SP_168062 linakuambia kuwa ni Landsat 9, ngazi ya pili, njia 168, safu 62, na tarakimu nane zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku ya picha.

Kujiandikisha kwa taarifa za moto

Huduma hii hutolewa na NASA kwa jina la FIRMS, na utaratibu wake ni mfupi. Unaingiza barua pepe, unachora eneo, unachagua kama taarifa zije mara tu zinapopatikana, kila siku au kila wiki, kisha unathibitisha kwa kiungo utakachotumiwa. Moto ulioanza juu ya Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020 ulionyesha thamani ya kujua mapema, kwa hiyo kwa vijiji vinavyopakana na msitu nashauri taarifa za papo hapo kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zishike. Taarifa kwa kawaida hufika ndani ya saa tatu baada ya setilaiti kupita.

Muda unaoandikwa ni wa UTC, yaani saa ya kimataifa. Ongeza saa tatu. Ukiona 1040, ujue setilaiti iliona joto hilo saa saba na dakika arobaini mchana kwetu. Nukta inayoonyeshwa ni katikati ya pikseli, ambayo kwa kihisi cha VIIRS ni mita 375 na kwa MODIS ni kilomita 1, hivyo moto wenyewe unaweza kuwa ng'ambo ya korongo. Wingu zito huuficha, na moto mdogo hupita bila kuonekana. Aidha, tanuru la mkaa au mtu anayechoma mabua ya mahindi naye huhesabika. Ndiyo maana taarifa ikifika, hatua ya kwanza ni kumpigia simu balozi au mjumbe aliye karibu na mahali hapo atazame moshi, na ya pili ni kumjulisha mtendaji wa kijiji. Ikiwa nukta imeangukia ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA), wapigieni KINAPA mara moja na muwasomee latitudo na longitudo kama zilivyoandikwa, pamoja na ile alama ya kutoa, na msiwaingize vijana msituni kabla ya kupata maelekezo yao.