Jinsi ya kujua kwa nini mwisho wa muvi fulani umekuganda kichwani (na namna ya kumsimulia mtu bila kumharibia)

Muulize mtu yeyote muvi gani imeisha vizuri kuliko zote alizowahi kuona, atakutajia jina fasta tu, ila ukimuuliza kwa nini anaanza "aah yaani pale mwishoni... dah, ile muvi ni noma" basi, imeishia hapo. Na mimi nilikua hivohivo miaka mingi. Nilipoanza kurudia muvi ninazozipenda kwa utaratibu fulani hivi ndo nikaanza kuelewa ninachoshikwa nacho ni nini, na karibu kila mara jibu halikuwepo kwenye zile dakika tano za mwisho, lilikua limefichwa huko mwanzo kabisa ambako wengi tunakua bado tunatafuta pa kukaa.

Angalizo: humu nataja miisho ya muvi kadhaa, nyingi za zamani, kama hujaziona na hupendi kuharibiwa basi mi nimeshasema.

Anza na hili, majina yakianza kupanda usiguse kitu. Simu usiguse, rimoti usiguse. Siku hizi programu za kuangalizia muvi zina tabia mbaya sana, muvi haijapoa hata sekunde tano skrini inaminywa pembeni inakua kama stempu, muvi nyingine hiyo inahesabu 5, 4, 3, na wewe bado una machozi. Ingia kwenye setingi uzime hicho kitu cha kujichezea chenyewe. Af kaa hapo kama dakika mbili ukiwa kimya, ukiwa na mtu mwambie asikuongeleshe kwanza.

Halafu andika picha moja. Usiandike stori, stori unaweza kuikuta popote, andika ile picha moja iliyobaki machoni: nani yuko wapi, anaangalia wapi, kuna sauti gani, mikono yake inafanya nini. Mistari miwili mitatu inatosha. Na uandike kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote maana ukishasoma ya wenzio yako inapotea na huipati tena.

Kwa nini nasisitiza kuandika, kwa sababu kichwa kinadanganya. Mi miaka yote nilikua naapa kwamba kwenye The Graduate (1967) pale kijana Benjamin anapomtorosha bibi harusi Elaine kanisani na wanaenda kukaa siti ya nyuma ya basi, Benjamin anamwambia neno la mwisho zuri sana, nilikua hata nawasimulia watu. Nikairudia. Hamna neno! Wanakaa, wanacheka wakihema, abiria wamegeuka wanawashangaa, af kicheko kinaanza kuisha taratibu usoni, mmoja anaangalia mbele, mwenzie anamchungulia kidogo naye anageukia mbele, basi linaondoka. Ule ukimya ndo ulionishika, mi nikaujazia maneno yangu mwenyewe kwa sababu sikuuvumilia. Sasa ukigundua kitu kama hicho ushapata nusu ya jibu.

Nusu nyingine iko mwanzo, na hii ndo hatua kubwa, ukiruka zingine zote hii usiruke. Siku hiyohiyo au kesho yake rudisha muvi mwanzo uangalie dakika kumi mpaka kumi na tano za kwanza ukiwa na ile karatasi yako mkononi, utafute ile picha ya mwisho imepandwa wapi. Kwenye hiyohiyo The Graduate utamkuta Benjamin ametoka kwenye ndege amesimama kwenye ule mkanda wa uwanjani unaotembeza watu, uso hauna kitu, anabebwa tu, na wimbo unaopigwa hapo ndo uleule unaopigwa kwenye basi. Kwahiyo jamaa kavuruga harusi ya watu, kapigana, kafunga mlango wa kanisa kwa msalaba, af karudi palepale, amekaa anabebwa na hajui anapelekwa wapi. Nilipoliona hilo nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji.

Ila wa kuusomea shule ni mwisho wa City Lights, ya Charlie Chaplin, 1931. Muvi ya kimya, wakati wenzake walikua tayari wameshahamia kwenye muvi za kuongea, na huo mwisho hauna mlipuko wala ngumi wala nini. Stori fupi: Chaplin ni masikini wa mtaani, anakutana na binti kipofu anauza maua, ua linadondoka, binti anapapasa chini kulitafuta ndo jamaa anagundua kwamba haoni. Papo hapo mlango wa gari la mtu mwingine unafungwa, binti anaamini aliyenunua ua ni tajiri na kaondoka na gari lake bila kusubiri chenji. Jamaa anaubeba huo uongo muvi nzima, anahangaika mpaka anapata hela ya matibabu ya macho, anampa, anaishia jela kwa hela hiyohiyo. Anatoka nguo zimechanika. Binti sasa anaona, ana duka lake la maua, anamcheka kupitia kioo, anatoka kumpa ua na sarafu kama unavyompa masikini yeyote. Af anamshika mkono ili amwekee ile sarafu.

Hapo hapo mkono wake unasimama. Anaupapasa, anapanda na koti taratibu, uso unabadilika. "Wewe?" Macho aliyotafutiwa hayakumtambua mtu, vidole ndo vimemtambua. Jamaa ameshika ua karibu na mdomo, anatabasamu kama mtu anayesubiri kuchapwa. Wanasemezana kidogo tu kisha inaishia hapo, hatuambiwi binti kafurahi au kavunjika moyo. Sasa rudi kwenye ile sini ya kwanza: ua, mkono unaopapasa, pesa. Vitu vilevile vitatu! Hakuna kipya kilicholetwa mwishoni, ndo maana unaumiza vile.

Ukishapata mbegu, uliza bei. Steringi kalipa nini? Tumekua tukiambiwa steringi hafi, sawa, ila mwisho unaokaa kichwani lazima steringi aache kitu mezani, na kiwe kile alichokua hawezi kukiacha mwanzoni. Rick wa Casablanca (1942) anaanza kwa kujisifu kwamba hajiingizi matatani kwa ajili ya mtu yeyote, anamaliza kwa kumpandisha mwanamke anayempenda kwenye ndege moja na mumewe. Au ile Inception ya 2010, watu mpaka leo wanabishana kuhusu ile pia, kidude cha kuzungusha anachotumia steringi Cobb kujua kama yuko ndotoni, kwamba inadondoka au haidondoki, mabishano hayaishi, mi naona wanaangalia pia wakati jamaa mwenyewe haiangalii. Mwanzoni Cobb anaizungusha akiwa amekaa na bastola pembeni, hapumui mpaka idondoke. Mwishoni anaizungusha anaiacha anaenda kwa wanae. Kwangu muvi imeishia hapo alipogeuza mgongo, ile pia ni ya kutusumbua sisi.

Jaribio lingine ni la mkasi. Simamisha muvi sehemu kadhaa kabla ya mwisho, kila sehemu jiulize ingeishia hapa ingekuaje. Jaribu na The Shawshank Redemption (1994): simamisha Red, mfungwa aliyeachiwa anayeenda kumtafuta rafiki yake, akiwa kwenye basi anasema anatumaini. Hadithi fupi iliyotengenezewa ile muvi inaishia kwenye matumaini hayohayo, haifiki ufukweni. Muvi yenyewe inaendelea mpaka baharini, wanakutana, ila angalia kamera inavyofanya, inarudi mbali sana, wanakumbatiana wakiwa wadogo kama sisimizi na hatusikii wanachosema. Mi zamani nilikua timu basi, sasa hivi nimehamia timu bahari, kwa sababu baada ya masaa mawili ya kuta na nondo ule uwazi nausikia mpaka mabegani.

Kwa miisho ya kugeuza meza kipimo ni kimoja tu, irudie. The Sixth Sense (1999) ukiirudia utaona kwenye mgahawa mke hamwangalii mumewe hata mara moja, bili anaichukua mwenyewe, kumbe mume alishakufa, kila kitu kilikua mbele ya macho yako tukadhani ni ugomvi wa ndoa. Huo ni ufundi. Ile ya "kumbe alikua anaota" ukiirudia hukuti kitu, ni dharau tu kwa mtazamaji.

Na kwenye kumsimulia mwenzio, usimwambie kinachotokea na pia usimwambie "mwisho utashangaa" maana hapo ushamharibia, atakaa masaa mawili anawinda mshangao badala ya kuangalia muvi. Mpe kitu kimoja cha kufuata kuanzia mwanzo kisichosema chochote kuhusu mwisho. The Graduate mwambie asikilize nyimbo. Inception mwambie aangalie jamaa anakaaje akiwa peke yake. City Lights mi huwa nasema tu "fuata mikono", af nakaa upande wa pili nimwangalie yeye badala ya skrini.