Namna ya kusema kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Wadogo zangu, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Huendi pale kwa hisani ya mume.

Anza mapema. Pita ofisi ya mtendaji usome ajenda ubaoni; kama haijabandikwa, muulize. Halafu wenzako wa vikoba, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, mgawane hoja, huyu mapato na matumizi, yule ardhi. Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wa Tanganyika, aliwaingiza wanawake wa Dar es Salaam kwenye TANU, chama kilichodai uhuru, kupitia vikundi vya ngoma. Vikoba navyo vinaiweza kazi hiyo.

Mkutanoni usijibanze nyuma na watoto. Kaa mwenyekiti anapouona mkono wako. Taja jina, kitongoji, kisha swali moja tu: "Mchango wa zahanati umefika shilingi ngapi, na stakabadhi ziko wapi?" Wakiguna, subiri, rudia maneno yaleyale. Mimi hushika daftari waziwazi. Wakiiona kalamu porojo hupungua.

Kwenye ardhi ndipo pa kukazia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, liwe na wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni wanne, angalau wawili wanawake. Shauri lako likifika huko, hesabu vichwa kabla hujafungua mdomo. Hawajatimia? Omba kikao kiahirishwe, na sababu iandikwe kwenye muhtasari, nawe ukiwa umesimama hapohapo unaangalia inavyoandikwa.